Fesi Rangi Moja, Bila Mkorogo

Wasee, leo tuongee fesi. Si story ya kuwa rangi ya thao. Naongelea fesi iko rangi moja toka kwa paji hadi kidevu, bila madoa ya chunusi, bila ile giza hujificha kando ya mdomo. Hiyo unaweza pata, na haitaki mkorogo.

Huko majuu, mzungu akitaka fesi ikue brauni kiasi bila kuanikwa kwa jua, anabuy losheni iko na DHA kidogo. Hiyo DHA ni aina ya sukari. Inashikana na ngozi iliyokufa, ile ya juu kabisa, inageuka brauni, na baada ya wiki hivi imeisha juu hiyo ngozi imebanduka. Wenye wamechanuka hupaka kidogo kidogo, halafu wanapangusa kwa nyusi na pale nywele zinaanzia, juu hapo ndio rangi hujikusanya. Hata ukichoma, unangoja tu itoke.

Sasa kam tao Nairobi, Dubois Road ama River Road, uone tofauti. Unaitisha kitu ya madoa, unachanganyiwa krimu tatu kwa kopo haina lebo. Hiyo ndio mkorogo. Jo, hapo ndio kuna ngori. Ndani kunaweza kuwa na steroidi kali ka klobetasoli, haidrokwinoni, ama zebaki. Steroidi inakung'arisha mbio wiki za kwanza, ukiwacha fesi inawaka, inawasha, chunusi zinalipuka, na ngozi imekuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Haidrokwinoni ukiikalia miaka inaweza leta weusi wa kibluu kwa mashavu, na huo hautokangi rahisi. Zebaki nayo inaingia kwa damu, inaumiza figo. Cheki vifundo vya vidole vya mwenye hutumia: vimebaki vyeusi ti. Mtaa inamuitanga fesi Fanta, miguu Coke, lakini mi siwezi mcheka huyo dem. Alikuwa anataka tu madoa yatoke, ka wewe.

Na hiyo doa inatoka wapi? Ngozi yetu ikiumia inamwaga melanini mob hapo hapo. Ukifinya chunusi, unaongeza. Jua likipiga, doa linakolea. Nairobi iko karibu na ikweta na iko juu, zaidi ya mita 1,600, ndio maana hata siku ya mawingu unapigwa. Kukaa dirishani kwa mat hakukusaidii, miale ya UVA inapita kwa kioo.

Kwa hivyo anza na sanskrini, SPF 30 kuenda juu. Kamua mistari miwili kwa urefu wa vidole viwili, upake fesi na shingo kila asubuhi. Tafuta ile iko na rangi ya brauni ndani. Oksidi ya chuma yake inablock hata mwanga wa kawaida, wenye pia hukoleza madoa kwa ngozi nyeusi, na haikuachi ukikaa majivu. Usiku weka krimu ya niasinamaidi ama ya asidi ya azelaiki, moja kwanza, na uijaribu nyuma ya sikio kabla ya fesi. Ngozi ya juu inachukua ka mwezi kujibadilisha, na doa lenye limeingia chini linachukua miezi. Usihame krimu kila wiki.

Na ka tayari uko kwa mkorogo, usijitibu na krimu ingine ya duka. Ona daktari wa ngozi, na umbebee hiyo kopo aicheki.