Mwenye Mawe ya Figo Ale Nini Machakos?

Maumivu ya jiwe la figo huanzia ubavuni, yakashuka hadi kinenani, yakatulia kidogo na kurudi kwa kishindo. Mgonjwa hapati mkao: akiketi huinuka, akilala hujipinda. Akishapata nafuu, huuliza ale nini.

Mawe 8 hivi katika kila 10 huwa na kalsiamu, na mengi kati ya hayo ni kalsiamu iliyoshikamana na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea. Kwa mlo wa Machakos, oksaleti imejaa zaidi katika terere na spinachi. Nduma, viazi vitamu, karanga na chai ya rangi pia zinayo. Sukuma wiki na kabeji zina kidogo sana. Kwa hiyo aliyeshauriwa kupunguza oksaleti hana haja ya kukimbia mboga zote; akinunua fungu la sukuma badala ya terere na kula muthokoi wake, amepiga hatua kubwa.

Asiyeweza kuiacha terere aichemshe katika maji mengi, ayamwage, ndipo aikaange kwa kitunguu na nyanya. Sehemu kubwa ya oksaleti huyeyuka humo, na anayeyanywa kama supu anairudisha mwilini.

Kosa linalosikitisha ni kuacha maziwa kwa kuogopa kalsiamu. Mwaka 2002, watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya miaka 5 kuhusu wanaume 120 waliokuwa wakisumbuliwa na mawe ya aina hii. Kati ya 60 waliopunguziwa kalsiamu, 23 walirudiwa na mawe; kati ya 60 walioipata kama kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, 12 tu. Kalsiamu ikiliwa pamoja na mboga hukamatana na oksaleti tumboni, zikatoka na choo kabla ya kufika kwenye figo. Chai ya maziwa, basi, inamfaa kuliko ya rangi.

Hata hivyo, maji ndiyo dawa kubwa. Madaktari hushauri mtu anywe hadi mkojo ufikie lita 2.5 kwa siku, na kwa mchimba mchanga au mwendesha bodaboda anayeshinda kwenye jua la Yatta au Masinga, hayo ni maji mengi. Visima vingi vya Ukambani vina chumvi, na maji yasiyonoga hunywewa kwa shida. Ndimu huyapa ladha, tena sitrati yake huzuia mawe kuungana. Mwenye figo zilizodhoofika au ugonjwa wa moyo amuone daktari kwanza.

Jiwe likitoka, lipelekwe maabara. Likiwa la asidi ya yuriki, kinachopunguzwa kwanza ni nyama choma, si terere.