Paa litangulie, rangi ingoje, mshipi ubaki

"Daktari, yeye avua, sisi twavujiwa."

Hivyo ndivyo alivyoniambia mama mmoja mkazi wa Chaani alipofuatana na mumewe kuja kupimwa shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuiita. Mumewe, mwanamume wa miaka 50 na ushei anayefanya kibarua bandarini, aliinama akacheka kidogo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Paa lao lilipoanza kuvuja, mzee alihamisha masanduku chumbani, na nyuma yake akakuta kibao kilichozungushiwa mshipi. Ni ule aliokuwa akivulia chaa na changu alipokuwa mtoto katika hori ya Port Reitz. Tangu siku hiyo kila Jumapili yuko majini, na tayari alikuwa ameanza kuweka akiba ya kununua mtumbwi. Mkewe naye alikuwa na hesabu yake. Binti yao alikuwa ameposwa, na mama alitaka sebule ipakwe rangi kabla ya wageni kufika. Mabati yakabaki na matundu yake.

Mama alitaka nimwamuru mumewe aache kuvua. Sikumwamuru. Wala sikumwambia mama kwamba amekosea. Ugomvi wao ni wa nyumba nyingi: fedha ni chache, nyumba inataka matengenezo, na mtu mzima amekumbuka kitu kilichomfurahisha utotoni. Kwa huyu ni mshipi, kwa mwingine ni kufuga njiwa, kupiga ngoma, kuchora au kuchonga vijahazi vya mti. Je, kipi kitangulie? Na daktari anaingiaje katika mambo ya mafundi?

Faida ya uraibu

Uraibu, yaani shughuli ambayo mtu huifanya kwa kuipenda tu, si upuuzi. Mtu akiishi na wasiwasi kila siku, mwili hutoa kemikali zinazoufanya moyo uende mbio na mishipa ya damu ijibane. Usingizi hupungua. Wengi hapo hukimbilia sigara, pombe au muguka, na vitu hivyo humwongezea mwenye presha matatizo. Saa chache za utulivu kando ya maji humpa mtu huyo nafasi ya kupumua.

Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchunguzi uliohusu watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16, zikiwemo Uingereza, Marekani, Japani na Uchina. Waliokuwa na uraibu walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na waliridhika zaidi na maisha yao kuliko wasio nao. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazikuwamo, na uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba uraibu ndio ulioleta furaha. Huenda mwenye furaha ndiye atafutaye la kufanya. Hata hivyo, yanalingana na ninayoyaona kwa wagonjwa wangu.

Zaidi ya hayo, mzee wetu hutembea kwa miguu kwenda na kurudi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Lakini nilimwonya: mshipi hauchukui nafasi ya vidonge. Mwenye presha ameze dawa zake siku ya kuvua na siku ya kutovua.

Nyumba nayo huugua

Sasa tuje kwa nyumba. Matengenezo yote yanadai fedha kwa sauti moja, lakini hayana uzito mmoja. Mimi huyagawa mafungu mawili: yale ambayo yakiachwa yataleta maradhi au ajali, na yale ambayo yakiachwa yataudhi macho tu.

Katika fungu la kwanza, paa linaongoza. Ukuta usiokauka huota kuvu, na kuvu humzidishia pumu mtoto mwenye ugonjwa huo. Mjukuu wa wazee hawa alikuwa akikohoa kila usiku, na kitanda chake kilikuwa chini ya tundu.

Pili ni maji yaliyotuama. Mtaro wa paa ulioziba, tangi lisilo na kifuniko na madebe yaliyosahauliwa uani ni mahali pa kuzaliana mbu wanaoeneza homa ya dengue na chikungunya. Mombasa tuliuona mlipuko wa chikungunya ulioanza mwishoni mwa 2017 na kuendelea 2018. Mbu hawa huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mbu wa malaria naye huja usiku, na mara nyingi hupenya katika uwazi ulioachwa baina ya ukuta na paa. Wavu wa waya ukiwekwa hapo humzuia na hewa ikaendelea kupita.

Tatu ni nyaya za umeme zilizochubuka, hasa mahali ambapo paa linavuja. Nne ni choo na mitaro ya maji machafu iliyopasuka, maana hiyo ni njia ya kipindupindu na homa ya matumbo. Tano ni ngazi na sakafu zilizobomoka pale wanapokaa wazee, kwani mzee akivunjika nyonga gharama yake huzidi ile ya mfuko wa simiti.

Fungu la pili ni rangi, vigae, dari la mapambo na mlango wa madoido. Vyote ni vizuri, na nyumba ya heshima huvitaka. Lakini sijapata kumtibu mtu aliyeugua kwa sababu sebule yake imepauka.

Kwa hiyo usiulize, "Mshipi au nyumba?" Kwanza uliza ni sehemu gani ya nyumba. Paa litautangulia mshipi. Lakini mshipi usitolewe kafara kwa ajili ya rangi.

Kipimo cha fedha na siku

Niliwashauri wagawe kwa kipimo. Tuchukue mfano: katika kila Sh1,000 inayobaki baada ya chakula, kodi, karo na dawa, Sh900 ziende kwa fungu la kwanza la matengenezo na Sh100 ziwe za mshipi. Mtumbwi usubiri, kuvulia ufuoni hakuhitaji chombo. Kiwango hicho si sheria, kila nyumba ina hesabu yake. Muhimu ni kwamba fungu la uraibu liwe dogo, lijulikane na wote wawili, na litolewe waziwazi. Asiyetengewa kitu huchukua kwa siri, na siri ya fedha huvunja nyumba kabla ya mvua kuibomoa.

Paa nalo si lazima libadilishwe lote. Mwite fundi alikague kwanza. Mara nyingi maji hupita kwenye matundu ya misumari iliyolegea na pale mabati yanapopandana. Kuziba matundu na kubadilisha bati moja au mawili yaliyooza huenda kukatosha kwa mwaka huu. Kama wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoa hata shilingi moja, na mkikubaliana ukatwe kwenye kodi, yaandikwe.

Majira ya pwani yenyewe hutusaidia kupanga. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mvua huwa haba. Huo ndio wakati wa kupanda juu ya paa, kabla ya masika ya Aprili hadi Juni. Kisha kuna kipindi kingine cha kukagua kabla ya vuli. Bahari nayo ina ratiba yake. Wakati wa bamvua maji hujaa na kukupwa sana na mkondo huwa mkali. Wakati wa maji mafu mkondo hupoa, na anayevua kwa mshipi peke yake huwa salama zaidi. Mzee alikubali kuvua siku za maji mafu na kumsaidia fundi siku za bamvua. Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyeshindwa.

Hatari iliyo katika kazi zote mbili

Nilipodhani tumemaliza, nilimuuliza mzee anapata wapi chubwi za mshipi wake. Akanijibu kwa fahari kwamba hanunui. Huchukua vipande vya risasi kutoka betri kuukuu za magari, akaviyeyusha katika sufuria juu ya jiko la makaa uani. Mjukuu wake wa miaka minne hupenda kukaa karibu na kutazama.

Hapo nilisahau habari ya paa. Risasi ninayosema ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini bila harufu ya kukuonya. WHO husema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Humdhuru ubongo, akawa mzito wa kujifunza. Humpunguzia damu na kumletea maumivu ya tumbo na kufunga choo. Mtu mzima naye hupandishwa presha na kuharibiwa figo. Yaani mzee alitafuta nafuu ya presha kwa mshipi, huku chubwi ikimpandishia.

Sisi wa upande huu hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kilichafua makazi ya watu hadi kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kudai haki, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Sufuria moja uani si kiwanda, lakini madini ni yale yale.

Risasi hiyo hiyo yaweza kuwa ukutani. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi. Viwango vya sasa vya Kenya vinataka isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Unapokwangua rangi kuukuu, zingatia haya:

Lowesha ukuta kwanza. Usipige msasa mkavu. Watoto na wajawazito wawe mbali mpaka usafi umalizike. Pangusa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Badili nguo na unawe mikono kabla ya kula. Unaponunua rangi mpya, tafuta iliyoandikwa kwamba haina risasi. Asiye na uwezo atumie chokaa, ambayo ni rahisi na ya kale kwetu, ila akinge macho yake kwani huunguza.

Ikiwa paa lako ni la asbesto, usilikate, usilitoboe wala kulivunja mwenyewe. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Uliza ofisi ya mazingira ni nani aliyeidhinishwa kuliondoa.

Kuhusu chubwi, dawa yake haina gharama. Nati za chuma, vipande vya nondo na plagi kuukuu za gari huzamisha mshipi vizuri. Fundi anapomaliza kazi huacha vyuma vya namna hiyo chini. Viokote, kwani msumari uliobaki uani utamchoma mtu mguu. Na anayechomwa na msumari au ndoana aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati akaulizie chanjo ya pepopunda. Akichomwa na mwiba wa taa au hongwe, atumbukize mahali hapo katika maji ya moto yanayovumilika bila kuunguza, huku akipelekwa kwa daktari.

Mwisho wa kisa

Sikungoja majibu ya maabara ili niamuru sufuria ile isirudi jikoni. Damu ya mtoto ilipopimwa, risasi ilikuwamo, ingawa si kwa kiasi cha kuhitaji dawa. Tiba yake ilikuwa kumwondoa kwenye chanzo, kusafisha ua kwa maji, kumpa chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama mboga za majani, maharagwe na dagaa, na kumpima tena. Kipimo cha pili kilikuwa kimeshuka.

Kabla ya masika mabati mawili yalibadilishwa na kitanda cha mtoto kikahamishwa. Harusi ilifanyika katika sebule iliyopakwa chokaa. Presha ya mzee bado haijafika chini ya 140/90 ninayoitaka, na tunaendelea na dawa. Mtumbwi hajanunua. Bado huvua, na chubwi zake sasa ni nati zilizobaki kwa fundi.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayeyeyusha risasi, au mtoto aliyekuwa karibu na kazi hiyo, usingoje dalili. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari kazi hiyo hata kama hakukuuliza.