Intavyuu ya PM: Chagua Kitu Moja

Ile imeli ya rikruta ikiingia, wasee wengi hukimbilia YouTube. Wanacheki machali wa San Francisco wakichora maboksi kwa ubao mweupe, wanakariri kila hatua, wiki mbili baadaye wako tayari kuomoka. Siku ya intavyuu wanaulizwa swali moja na wanaanza kumwaga. Watumiaji aina tano, fichaz kumi na mbili, zote kali. Dakika 45 zinayeyuka hivyo. Imeli ya pili inaingia ikiwa fupi na ina adabu sana.

Manze, aidia walikuwa nazo mob. Ngori ilikuwa kuchagua.

Na kuchagua ndio job yenyewe. PM, yaani product manager, haandiki code, hachori skrini, na mara mingi hakuna msee kwa timu anamripotia. Analipwa kuamua mainjinia watatoa jasho wapi, halafu ikibuma, jina lake ndio linaitwa. Usidhani ni kitu ya majuzi. Mwezi wa tano 1931, Neil McElroy, msee wa Procter & Gamble huko Marekani, aliandikia wadosi memo akitaka kila chapa ya kampuni iwe na watu wake wa kuisimamia. Yeye alikuwa anapigania sabuni ya Camay, na Ivory, sabuni ingine ya kampuni ileile, ilikuwa inaifunika. Huyo huyo msee wa sabuni baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. So mathe akiuliza hii PM ni kazi gani, anzia hapo kwa sabuni, atashikanisha haraka. Upande wa teki, Google walianzisha programu ya mayut, APM, 2002, Marissa Mayer akiwa mbele, na makampuni mob yakaiga.

Hapa Kanairo pia ofisi za makampuni kama hayo si risto za mbali. Microsoft walileta kituo chao cha mainjinia 2019, na 2022 Google wakatangaza watajenga prodakti hapa. Lakini panel yako inaweza kuwa imetawanyika London, Bangalore na California, na wote wanataka kuskia kitu moja: umeacha nini, na juu ya nini.

Anza na raundi ya prodakti, ile Meta huipea uzito sana. Unaambiwa, "Tengenezea abiria wa mathree kitu." Fala anaanza na apu. Mjanja anaanza na mtu. Abiria gani? Kuna mwanafunzi wa asubuhi, kuna mama wa soko na magunia, kuna dem anatoka shifti tao saa nne usiku akienda Rongai. Chukua huyo wa usiku, halafu sema kwa sauti: namchagua juu akikosa mat, hasara yake si kuchelewa tu, ni usalama. Madere na makanga nimewaweka kando kwa sasa. Hiyo sentensi ya mwisho wengi huogopa kuisema, wanaona ni kama wamekosa kitu. Na ndio hiyo tu mdosi wa intavyuu anaandika kwa notsi zake.

Ukidai mfano wa kuonyesha unashika hii maneno, uko nao kwa simu. M-Pesa ilipokuwa kwa majaribio 2005, plani ilikuwa watu walipe mikopo ya Faulu kwa simu. Wasee walipopewa, wakaanza kuitumia vile wanataka, ikiwemo kutumiana doo wenyewe kwa wenyewe. Timu ingeweza kubeba zote mbili. Waliamua mkopo ukae kando, na Machi 2007 Safaricom wakaizindua na ahadi moja tu, kutuma pesa nyumbani. Wasee wengi husimulia hii stori wakisifu teknolojia, na SMS na laini zilikuwa zinajulikana kitambo. Mimi naona ujanja ulikuwa ni kutupa ile plani ya kwanza.

Raundi ya namba inatesa wale wa sanaa, na haifai kutesa. Swali ni kama: utajuaje M-Pesa inafanya poa? Ukijibu "pesa zote zimepita kwa mfumo," utaulizwa, je, mabiashara machache makubwa yakisukuma mamilioni na mtu wa mtaani akihepa? Hiyo namba bado itapanda. Afadhali uhesabu wasee wangapi wametuma ama kulipa angalau mara moja kwa wiki, halafu uongeze namba ya kuichunga, kama pesa ngapi zimeenda kwa mtu mbaya. Na ukiambiwa namba imeshuka asilimia 10 jana, usikimbilie suluhisho. Uliza imeshuka wapi, simu gani, ni toleo jipya ama ni sikukuu, ama ni hesabu yenyewe imeharibika.

Kuna pia kukadiria. Smokie ngapi zinauzwa Nairobi kwa siku? Sensa ya 2019 ilipata watu karibu milioni 4.4. Toa nusu, watoto wadogo na wasee hawamangi hizo vitu. Bakisha milioni 2.2. Tuseme mmoja kwa kila kumi amesimama kwa troli leo: 220,000. Kila mmoja anakula moja na nusu, juu kuna wale wa mbili: 330,000. Usiishie hapo, ijaribu na upande ule mwingine. Troli moja ikiuza 150, unahitaji matroli 2,200. Nairobi ina maeneo bunge 17, so ni karibu 130 kwa kila moja. Inaleta sense? Sema ndio ama hapana na uchague ni gani kati ya hizo namba unaiamini kidogo kuliko zote. Jibu lenyewe hakuna mtu atalikagua.

Amazon ni dunia ingine. Kule kuna kanuni 16 za uongozi na wanazichimba kwa stori za maisha yako, na kwa panel anakaa msee anaitwa Bar Raiser, ametoka timu ingine, hana haraka ya kujaza hiyo nafasi, na akisema hapana hapiti mtu. Hapa mayut wetu huchoma juu ya adabu. Tumelelewa kusema tulifanya, timu ilishinda, Mungu alisaidia. Fiti, lakini wanataka ile sehemu ilikuwa yako: ulimwambia mdosi fichaz anayoipenda itolewe, alisema nini, ulikuwa na data gani, ilitokea nini. Andika stori chache zenye nyama, na moja lazima iwe ile ulibuma vibaya, bila kuipaka sukari.

Vitabu zipo. Kile cha Gayle Laakmann McDowell na Jackie Bavaro cha 2013 bado kinasaidia, na CIRCLES ya Lewis Lin, zile hatua za kujibu swali la prodakti, ni ngazi poa kwa mtu anaanza. Cheki tu vile wasee hupita mbio mbio ile hatua yake ya kukata, yaani kuchagua, kama ni ya kujaza nafasi.

Kwa mazoezi, tafuta beste ana roho mbaya. Beste wa kukusifu atakuponza. Unataka yule atakukata katikati, "na kama hakuna bando?", halafu akunyamazie. Jirekodi kwa simu, skiza vile unazunguka kabla ujibu. Intavyuu itakuwa kwa Kizungu, so kama unafikiria kwa Sheng kama mimi, jipe sekunde kadhaa za kimya. Huko hawazioni kama ujinga. Suti wachana nayo, shati safi inatosha.

Panga keja pia. Saa tatu asubuhi ya California huku ni saa moja ama saa mbili usiku, ile time jirani anawasha woofer na stima inaamua kupotea. Bonga na jirani mapema, chaji laptop, weka bando kwa simu ya pili.

Dakika tano za mwisho watakuambia uulize swali. Wasee huuliza kuhusu kalcha, wanapewa jibu la brosha. Uliza timu yake ilikataa kujenga nini mwaka huu, na ni nani aliumia zaidi na huo uamuzi. Halafu nyamaza, sasa ni zamu yake kuchagua maneno.