Paris-Roubaix: Mbio zilizozaliwa na tamaa ya biashara

MIONGONI mwa mbio za baiskeli za siku moja, chache huogopwa kama Paris-Roubaix, zinazoandaliwa kaskazini mwa Ufaransa kwa kawaida mwezi wa Aprili. Hata hivyo, waanzilishi wake hawakuwa waendeshaji baiskeli bali wafanyabiashara.

Mnamo 1895, Théodore Vienne na Maurice Perez, matajiri wa viwanda vya nguo mjini Roubaix, walijenga uwanja wa mbio za baiskeli, kisha wakatafuta namna ya kuutangaza. Waliliandikia gazeti la michezo la Le Vélo wakipendekeza mbio kutoka Paris zitakazokomea uwanjani humo. Walidai zingekuwa mazoezi mepesi kwa waliojiandalia Bordeaux-Paris, mashindano ya karibu kilomita 600. Mazoezi mepesi, ati!

Gazeti lilimtuma mwanahabari Victor Breyer kuikagua njia. Kutoka Amiens alipanda baiskeli, mvua ikanyesha, mawe ya barabarani yakateleza, naye akawasili Roubaix akiwa hoi na kujaa matope. Inasimuliwa kwamba aliazimia kutuma telegramu ili mpango ule ufutiliwe mbali, lakini baada ya kula akabadili nia.

Hivyo, Aprili 19, 1896, Mjerumani Josef Fischer alitwaa ushindi wa kwanza na faranga 1,000, baada ya kutumia saa tisa na dakika 17 kwa masafa ya kilomita 280 hivi. Wa tatu alikuwa Maurice Garin, mzaliwa wa Italia aliyewahi kusafisha mabomba ya moshi. Garin alishinda 1897 na 1898, kisha mwaka wa 1903 akawa bingwa wa kwanza wa Tour de France.

Wengi hudhani jina 'Jehanamu ya Kaskazini' latokana na mawe. Sivyo. Lilizuka 1919, waliokagua njia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walipokuta mashimo ya makombora na miti iliyoteketea.

Enzi za Fischer, barabara za mawe zilikuwa za kawaida tu. Lami ilipoenea miaka ya 1960, waandalizi walilazimika kuyasaka mawe hayo. Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa 1962 aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, ndiye aliyewaelekeza kwenye njia ya msitu wa Arenberg, iliyotumika mara ya kwanza 1968. Mshindi naye hutunukiwa jiwe la barabarani. Wanawake walisubiri hadi 2021, Mwingereza Lizzie Deignan alipolinyakua la kwanza.