TANZANIA: Chuo Kinachofundisha Kupanga Mitaa Yetu

Ndugu mfanyakazi, ni nani huamua mtaa wako upate mfereji au ukose? Dar es Salaam kazi hiyo ina chuo chake. Kilianza mwaka 1956 kama shule ya wapima ardhi. Tangu 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi. Vijana husomea humo usanifu wa majengo, usanifu wa mandhari na mipango miji.

Masomo hayo hutegemeana. Mmoja huchora nyumba. Wa pili huangalia miti, kivuli na njia ya maji ya mvua. Wa tatu hutenga viwanja, barabara, shule na soko. Akikosekana mmoja, nyumba nzuri hujaa maji.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama. Manzese ilitengeneza barabara na kuleta maji badala ya kubomoa nyumba za watu. Funzo ni hili: ramani yaweza kumlinda mnyonge, au kumfukuza.

Basi mtoto wako akipenda kuchora, usimcheke. Na ramani ya mtaa ikiletwa barazani, chama kiulize: mfanyakazi atalala wapi?