Je, Wajua? Mgombea Aliyeachwa Nyuma na Kelele za "Jitoe!"

Je, wajua kwamba Ronald Reagan alishindwa mara tano mfululizo katika mchujo wa urais mwaka 1976? Alikuwa akimpinga Rais Gerald Ford ndani ya chama chao cha Republican. Akakosa New Hampshire kwa kura chache, kisha Massachusetts, Vermont, Florida na Illinois. Ilipofika Machi 23, siku ya North Carolina kupiga kura, kampeni yake ilikuwa na madeni yanayokaribia dola milioni 2. Magavana na mameya wa chama walimtaka ampishe Rais. Waandishi wa habari kila alikopita walimuuliza anajitoa lini. Mkewe, Nancy, naye alitamani aache. Meneja wake wa kampeni, John Sears, alikuwa ameshaonana kwa siri na upande wa Ford, bila Reagan kujua, kuzungumzia namna ya kulimaliza jambo hilo.

Reagan akakataa. Akashinda North Carolina, akaenda Texas akazoa wajumbe wote wa mkutano mkuu waliogombewa siku hiyo, na akamfikisha Ford hadi mkutano mkuu wa Kansas City bila mshindi kujulikana. Pale Ford alipata wajumbe 1,187, Reagan 1,070. Mwaka 1980 alirudi, akateuliwa, akaingia Ikulu.

Je, wajua kelele hizo za "jitoe" hutoka wapi? Hoja inayotangulizwa siku zote ni umoja wa chama: tusipigane wenyewe kwa wenyewe, adui yuko nje. Hoja hiyo ina uzito wake na si haki kuipuuza. Lakini chunguza wanaoitoa, utakuta mara nyingi ni watu ambao mgombea wao ndiye anayeongoza.

Je, wajua kwamba katika chama cha Democratic hesabu yenyewe ndiyo inayozaa ugomvi? Wajumbe hugawanywa kwa uwiano wa kura, na anayepata chini ya asilimia 15 huambulia patupu. Chukua jimbo lenye wajumbe 100. Ukimshinda mwenzako kwa 55 dhidi ya 45, umempunguza kwa wajumbe 10 tu. Kama amekutangulia kwa 100, unahitaji majimbo kumi ya namna hiyo ili kumfikia tu, mfululizo, bila kuteleza hata moja. Ndiyo maana aliye nyuma anaweza kushinda jimbo baada ya jimbo na bado akaambiwa amekwisha. Kwa Republican mambo ni tofauti kidogo: yapo majimbo mengi ambako mshindi huchukua wajumbe wote, kwa hiyo anayeongoza huwaacha wenzake mapema.

Hesabu hiyo ya Democratic ndiyo iliyombana Hillary Clinton mwaka 2008. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya na ambaye mchujo wake ulifuatiliwa Kisumu na Nairobi kama vile ulikuwa wa nyumbani, alikuwa mbele kwa wajumbe zaidi ya 100 waliopatikana kwa kura. Machi 28, Seneta Patrick Leahy wa Vermont, aliyekuwa upande wa Obama, alisema waziwazi kwamba Clinton ajitoe. Kesho yake Obama mwenyewe alijitenga na kauli hiyo, akasema mwenzake ana haki ya kuendelea kadiri apendavyo. Alifanya la kiungwana.

Je, wajua kilichofuata? Clinton alishinda Pennsylvania kwa takriban pointi 9. Akashinda West Virginia kwa zaidi ya pointi 40, na Kentucky kwa zaidi ya 30. Mgombea aliyetakiwa kufunga virago mwezi Machi alikuwa bado anazoa kura mwezi Mei. Mchujo wa mwisho ulipigwa Juni 3, na Juni 7 akasimama mbele ya wafuasi wake jijini Washington, akawataka wamuunge mkono Obama. Alikuwa amepata kura zipatazo milioni 18. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Denver, ndiye aliyesimama na kuomba hesabu ya wajumbe isitishwe na Obama ateuliwe kwa kauli moja.

Je, wajua kwamba wagombea wengi wa Marekani hawasemi "nimejitoa"? Husema wamesimamisha kampeni. Kwa njia hiyo hujiachia nafasi ya kubaki na wajumbe wao na kuendelea kuchangisha fedha za kulipa madeni. Clinton alitoka na deni la zaidi ya dola milioni 20, na ilimchukua miaka kulimaliza.

Je, wajua kwamba mwaka 1924 wawili waligoma kupishana hadi wajumbe wakapiga kura mara 103? Ilikuwa New York, ukumbi wa Madison Square Garden, katika mkutano mkuu wa Democratic. William McAdoo na Al Smith walizuiana siku baada ya siku, kwa kuwa kanuni za wakati ule zilidai theluthi mbili ya wajumbe. Mwishowe wote wawili wakakaa pembeni, uteuzi ukamwangukia John W. Davis, naye akabwagwa vibaya na Calvin Coolidge. Kanuni ile ya theluthi mbili ilifutwa mwaka 1936.

Wapo pia wanaotaja mwaka 1980 kuwa mfano wa madhara ya kung'ang'ania, na wana haki ya kuutaja. Edward Kennedy alikuwa nyuma sana ya Rais Jimmy Carter, akaambiwa aache, akaendelea hadi mkutano mkuu. Usiku wa mwisho Carter alingoja jukwaani wainue mikono pamoja, kama ilivyo desturi ya vyama vyao. Kennedy alimpa mkono wa kawaida, akawapungia watu, akaondoka, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Novemba Carter alishindwa na Reagan kwa kura 489 za majimbo dhidi ya 49. Hata hivyo, kumbebesha Kennedy mzigo wote ni kumwonea. Mateka wa Kimarekani walikuwa bado wameshikiliwa Iran, na bei za bidhaa zilikuwa zimepanda mno.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 mambo yaliamuliwa kwa siku chache tu? Joe Biden alishinda South Carolina Februari 29. Pete Buttigieg akajitoa Machi 1, Amy Klobuchar Machi 2, na usiku huo wote wawili walikuwa Dallas wakimpigia Biden debe. Kesho yake, Jumanne Kuu, Biden akashinda majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo. Michael Bloomberg, aliyekuwa ametumia zaidi ya dola milioni 500 za mfukoni mwake, alipata ushindi wa American Samoa peke yake, akaondoka Machi 4. Elizabeth Warren akafuata Machi 5.

Naye Bernie Sanders, mpinzani wa Biden, alisimamisha kampeni Aprili 8, lakini akasema jina lake libaki kwenye karatasi za kura ili aongeze wajumbe. Kwa nini? Kwa sababu wajumbe ni nguvu ya kujadiliana. Mwaka 2016 aliendelea hadi Julai 12, huku akilaumiwa kila upande, na watu wake wakafanikiwa kuingiza kwenye ilani ya chama dai la mshahara wa chini wa dola 15 kwa saa. Mfanyakazi wa hoteli aliyempigia kura mwezi Juni hakupoteza muda wake.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 2016 John Kasich aliendelea na mchujo wa Republican akiwa na wajumbe wachache kuliko Marco Rubio, ambaye alikuwa ameshajitoa? Alikuwa ameshinda Ohio tu, jimbo alilokuwa gavana wake. Donald Trump na Ted Cruz, mahasimu wakubwa, walikubaliana juu ya hilo moja: Kasich aondoke.

Na je, wajua kuhusu Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya Republican? Januari 2024, baada ya majimbo mawili tu kupiga kura, mwenyekiti wa Republican alisema ni wakati wa kuungana nyuma ya Trump. Trump akatangaza kwamba atakayemchangia Haley fedha atafungiwa mlango wa kundi lake. Ikaandaliwa hata rasimu ya azimio la kumtambua Trump kuwa mteule, kisha ikaondolewa. Majimbo mawili! Haley aliendelea, na Machi 3 alishinda Washington, D.C., akawa mwanamke wa kwanza kushinda mchujo wa urais wa chama hicho. Akaongeza Vermont, kisha akasimamisha kampeni Machi 6. Wiki saba baadaye, akiwa hayumo tena kwenye mbio, zaidi ya watu 150,000 wa Pennsylvania walimpigia kura.

Kwetu Tanzania, je, wajua kwamba Benjamin Mkapa aliachwa nyuma na Jakaya Kikwete katika duru ya kwanza ya kura za kumteua mgombea urais wa chama cha CCM mwaka 1995? Wa tatu, Cleopa Msuya, alitoka kwa mujibu wa utaratibu, kura zikapigwa upya, na Mkapa akashinda. Wote watatu walihesabiwa kura zao kabla ya yeyote kukaa pembeni.

La mwisho. Kelele za kumtaka Clinton aache mwaka 2008 zilivuma kabla Indiana na North Carolina hazijapiga kura Mei 6. Kwa sababu hakuacha, kampeni zote mbili zilijaza ofisi na vijana wao katika majimbo hayo, wakaandikisha wapiga kura mitaa ambayo chama kilikuwa hakijaigusa kwa miaka. Indiana haikuwa imempa mgombea urais wa Democratic ushindi tangu 1964, na North Carolina tangu 1976. Novemba, Obama alishinda Indiana kwa kura zipatazo 28,000 na North Carolina kwa zipatazo 14,000.