Maji ya Rejeta Hupotelea Wapi?

Pikapu ikichemka kila safari, wengi huongeza maji na kuendelea. Huko ni kuahirisha ugonjwa. Maji ya rejeta huzunguka katika njia zilizofungwa. Yakipungua kila siku, hayana budi yamepata pa kutokea.

Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Kwa sababu ya shinikizo lililomo, maji huweza kupita nyuzi 100 za Sentigredi bila kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, hufoka na kumwunguza mfunguaji. Ngoja ipoe.

Anza kuchunguza nje: mipira ya maji, maungio ya rejeta, chini ya pampu, na mpira wa kifuniko. Penye alama nyeupe au za kutu ndipo panapovuja.

Pasipoonekana kitu, ishuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya maziwa, au mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta. Hapo, ndugu msomaji, zima gari umwite fundi. Gasketi hubadilishwa; silinda hedi iliyopinda kwa joto ni gharama kubwa, nayo gari iliyolala haileti posho nyumbani.